Mamba Naye Apewe Kalamu: Uhakiki wa Gemu la Donkey Kong Country

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Leo nahakiki gemu. Ndiyo, gemu, lile la kubonyeza vitufe na kurukaruka kwenye skrini. Najua wapo watakaofunua ukurasa wa pili wakisema kijana huyu wa Kiseke amekosa kazi. Nawaomba wasubiri kidogo. Nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni wasomaji wetu. Kila tukikutana kusomeana miswada tunalalamika kwamba vijana hawasomi. Lakini kijana huyo huyo anayeona shilingi elfu tano ya kitabu ni nyingi, anatoa jero kila jioni kwenye banda la gemu. Pale analipia nini? Analipia mhusika, safari, adui, hofu na ushindi. Kwa maneno mengine analipia hadithi. Sasa kama kazi yetu ni hadithi, na wateja wamejazana kwenye duka la jirani, mwenye busara anakwenda kuchungulia jirani anauza nini na anafungaje mzigo wake.

Sababu ya pili ni kwamba gemu lenyewe ni la wanyama, na hadithi za wanyama ni shamba letu la zamani. Sungura na Fisi tumewanyonya pamoja na maziwa ya mama. Shamba la Wanyama, ile aliyoifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967, imejaa nguruwe na farasi, na nani anathubutu kuiita ya kitoto? Basi tusimdharau sokwe kwa sababu tu anaruka ndani ya kioo.

Gemu lenyewe ni Donkey Kong Country. Lilitoka Novemba 1994 kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo, na lilitengenezwa na kampuni ya Rare katika kijiji cha Twycross, Uingereza. Liliuza zaidi ya nakala milioni 9. Mashine yake mimi sijawahi kuitia machoni. Gemu nililicheza kwenye kompyuta chakavu ya fundi simu mmoja hapa Kiseke, ambayo kitufe chake cha kurukia kinahitaji kubembelezwa. Nimelimaliza mara mbili. Gemu zima lina ukubwa wa megabaiti 4, yaani picha moja tu ya simu za siku hizi inaweza kulizidi. Kumbukeni kipimo hicho, maana nitakirudia.

Hadithi kwa ufupi

Sokwe aitwaye Donkey Kong anaishi kisiwani na ana ghala la ndizi. Usiku mmoja jeshi la mamba linavamia, linabeba ndizi zote na kumtia rafiki yake mdogo, Diddy, ndani ya pipa. Asubuhi sokwe anatoka nyumbani kwake juu ya mti na kuanza safari. Anamwokoa Diddy, kisha wawili hao wanapita msituni, migodini, mabondeni, kwenye theluji, kiwandani na mapangoni, mpaka kwenye meli ya mfalme wa mamba aitwaye King K. Rool. Wanampiga na ndizi zinarudi. Basi.

Ukiisimulia hivyo haina maajabu. Hata bibi yangu angesema hiyo amewahi kuisikia. Lakini sisi wenye ndoto za kuandika tunajua kwamba kisa ni mifupa. Swali ni nyama imewekwaje. Shuleni tulifundishwa kuigawa kazi ya sanaa kwenye fani na maudhui. Nitafuata njia hiyo hiyo, kwa sababu gemu hili limefaulu sana kwenye fani na likayumba kwenye maudhui, na somo letu liko hapo katikati.

Fani: kusema bila kusema

Jambo la kwanza linalonipendeza ni mwanzo. Gemu halikupi hotuba. Sokwe anatoka mlangoni na wewe unaye. Chini ya nyumba yake kuna pango. Ukiwa na pupa utalipita. Ukiwa mdadisi utaingia, na ndani utakuta ghala, tupu. Hakuna mzee wa kukueleza ndizi zilikuwa ngapi wala zilikuwa na maana gani kwa ukoo. Utupu ule ndio maelezo. Ndipo unatoka nje na kukuta ndizi mojamoja zimetapakaa njiani, kama mwizi alivyodondosha mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka, na tayari unajua pa kwenda.

Linganisheni na miswada yetu. Wangapi kati yetu tunaanza na kurasa tatu za jua kuchomoza, ndege kuimba, na historia ya babu wa mhusika? Mchezaji wa bandani angekuwa ameshanyanyuka na kudai chenji yake.

La pili ni mandhari. Hatua ile ya kwanza inaanza mchana. Unakimbia, unaruka, unagombana na wadudu na mamba wadogo, na pole pole mwanga wa nyuma unabadilika na kuwa jioni. Hatua inayofuata ni usiku, na mvua ya radi inapiga. Hakuna aliyekuambia saa ngapi. Muda umepita kwa rangi tu. Ni mbinu ndogo, lakini ndiyo inayofanya kisiwa kile kiwe mahali badala ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Mtu wa kanda yetu ya ziwa, aliyeona wingu jeusi likija kutoka majini huku wavuvi wakikaza makasia, anaielewa haraka sana.

La tatu ni jinsi gemu linavyofundisha. Kila kitu kipya kinakuja kwanza mahali salama, halafu kinarudi mahali pagumu, halafu kinarudi kimechanganywa na kingine. Pipa la kwanza linakurusha juu ya ardhi tupu, na ukikosea unaanguka chini tu, hasara hakuna. Mapipa ya baadaye yanakurusha juu ya shimo, tena yanazunguka. Na ndizi zenyewe ni alama. Zikijipanga mstari kuelekea mahali pasipoonekana kitu, ujue kipo kitu. Mtengenezaji anaongea na wewe kwa ndizi. Hiki ndicho wakubwa wa fasihi wanakiita kutayarisha msomaji. Kisu kitakachoua sura ya kumi kionekane sura ya pili kikikata vitunguu. Nimeyasoma hayo kwenye vitabu vya nadharia, lakini sikuyaona yakifanya kazi waziwazi kama nilivyoyaona nikiwa na vidole vyangu mwenyewe juu ya kibodi.

La nne ni wahusika wawili kwa pamoja. Donkey ana nguvu na ni mzito, Diddy ni mwepesi na mwenye haraka. Donkey anabeba pipa juu ya kichwa, Diddy analishika mbele ya kifua, na tofauti hiyo ndogo inaamua nani ataligonga jambo lipi kwanza. Mmoja akiguswa na adui anatoweka na mwenzake anaendelea peke yake. Hapo ndipo unapoonja upweke. Dakika moja iliyopita mlikuwa wawili mkikimbia huku mmoja anamfuata mwenzake, sasa uko mwenyewe, na kila pipa lenye herufi za DK unalitazama kama mtu anayesubiri ndugu yake ateremke kwenye meli. Urafiki hapa hautajwi kwa neno hata moja. Unaujua kwa sababu umeukosa.

La tano, na hapa nawaambia wale wanaosema gemu ni la kipuuzi, ni muziki na picha. Muziki mwingi ni wa David Wise. Ile hatua ya kwanza ya chini ya maji ina wimbo wa taratibu, wenye huzuni fulani hivi, mpaka unasahau kwamba uko vitani na unaogelea tu. Picha nazo zilichorwa kwenye kompyuta kubwa za Silicon Graphics, kisha zikabanwa mpaka zikaingia kwenye ile mashine ndogo ya nyumbani. Watengenezaji walikwenda hata bustani ya wanyama ya Twycross, jirani na ofisi yao, kuwapiga picha sokwe wakitembea. Haikuwasaidia, kwani mwendo wa sokwe wa kweli haukufaa kwa mchezo wa kasi. Wakaishia kumpa Donkey mwendo wa farasi anayekimbia.

Jamani, hapo kuna somo la bure kabisa. Walitazama ukweli kwanza, kisha wakauacha pale sanaa ilipodai kitu kingine. Wengi wetu tunaruka hatua ile ya kwanza. Tunaandika kuhusu mgodi ambao hatujawahi kuukaribia, tunaandika Dar es Salaam tuliyoiona kwenye video, halafu tunasema huo ni ubunifu. Mwenye haki ya kuuacha ukweli ni yule aliyekwenda kuutazama.

Na yote haya, nasisitiza, ndani ya megabaiti 4. Ufinyu haukuwa kisingizio. Kijarida chetu nacho kina kurasa chache na karatasi ya bei poa. Tusilie.

Mzee Cranky

Kuna mhusika mmoja ambaye peke yake anatosha kuliingiza gemu hili kwenye mjadala wa fasihi. Anaitwa Cranky Kong. Ni sokwe mzee mwenye ndevu nyeupe na mkongojo. Ukimtembelea kibandani kwake anakusema tu. Eti magemu ya siku hizi ni mapambo matupu, eti zamani watu walicheza kwa rangi chache na walifurahi, eti wewe huwezi kitu. Wakati mwingine katikati ya matusi anadondosha siri ya njia iliyofichika.

Tunamjua mzee huyu. Kila kikundi cha waandishi kinaye. Wa kwetu ni mwalimu mstaafu. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anakuuliza kwa nini shairi lako halina vina. Tunanung'unika, lakini tunarudi kwake, kwa sababu katikati ya karipio kuna siri.

Ila Cranky ana jambo zaidi. Yeye ndiye Donkey Kong wa kwanza. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ilitoa gemu la Donkey Kong, lililobuniwa na Shigeru Miyamoto. Katika gemu lile sokwe ndiye jambazi. Amemteka mwanamke, amepanda naye juu ya jengo, na anamvurumishia mapipa fundi anayejaribu kumwokoa. Fundi yule ndiye baadaye aliyejulikana duniani kote kwa jina la Mario. Kwa hiyo mzee huyu anayenung'unika na mkongojo wake alikuwa adui miaka 13 kabla. Mapipa aliyokuwa akiwatupia watu ndiyo mapipa ambayo sasa kizazi chake kinayatumia kujiokoa.

Tuyafikirie hayo vizuri. Hapa watengenezaji wamefanya kitu ambacho riwaya nyingi zinashindwa. Wamemchukua adui wa jana, wamempa nyumba, uzee, kumbukumbu, hasira na familia. Hawakumtakasa. Wala hakuna mahali anapoomba radhi. Wamempa tu nafasi ya kuwa mtu, kama naruhusiwa kumwita sokwe hivyo. Na ghafla hatuwezi kumchukia tena.

Maudhui: mamba na ndizi wapi na wapi?

Sasa nageuza shilingi upande wa pili. Kama walijua kumfanyia hivyo sokwe, kwa nini mamba wamemnyima?

Ulizeni swali dogo tu ambalo mtoto yeyote wa pwani ya ziwa angeuliza. Mamba na ndizi wapi na wapi? Mamba hali ndizi. Anataka za nini? Gemu halijibu, na wala halioni kwamba linapaswa kujibu. Mamba ni mwizi kwa kuwa ni mamba. Ana meno, ana magamba, ana jeshi. Mmoja kavaa kofia ya chuma ya askari, mwingine ana misuli kama mbeba magunia. Wapo wengi mno na wote ni wa kukanyagwa kichwani. Mfalme wao ana taji na tumbo kubwa, basi imetosha. Ana hata kiwanda chenye mapipa ya mafuta na bwawa la maji ya sumu, na kiwanda kile kinazalisha nini, kwa ajili ya nani, hatuambiwi. Moshi umewekwa pale kama pambo la ubaya.

Nitataja kasoro nyingine kwa haraka. Mwanamke ni mmoja tu wa kukumbukwa, Candy, na kazi yake ni kusimama kwa mapozi na kukuhifadhia ulipofika. Kwenye gemu la pili, la mwaka 1995, walijirekebisha kidogo wakamfanya msichana, Dixie, kuwa mmoja wa mashujaa wawili. Hiyo ni ishara kwamba hata wao waliliona pengo. Lakini pengo la mamba hawakuliziba, na mimi naona ndilo kubwa zaidi, kwa sababu ndilo linalofanana na la kwetu.

Cha ajabu, gemu lenyewe linachungulia mlango huo mara moja. Mwishoni, melini, unapigana na mfalme. Anakurushia taji lake, unaruka, unamkanyaga. Anaanguka. Muziki unabadilika, na majina ya watengenezaji yanaanza kupita kama mwisho wa sinema. Unashusha pumzi. Lakini ukisoma vizuri, majina yale si ya Waingereza wa Twycross. Ni ya mamba! Mamba na vibaraka wao wanadai kwamba gemu ni kazi yao. Halafu mfalme ananyanyuka na vita inaendelea. Mara ya kwanza nilipigwa na butwaa, na fundi simu akacheka mpaka akadondosha bisibisi.

Ni utani, najua, tena utani mtamu. Lakini kwa sekunde chache zile mamba wameshika kalamu. Hadithi nzima imekuwa ya kwao. Kama kweli wao ndio wangekuwa watunzi, wangetusimulia nini? Huenda wangesema kwamba kisiwa kile kilikuwa chao kabla ya ghala kujengwa. Huenda wangesema ndizi zilitolewa mahali fulani. Gemu linafungua mlango, linacheka, linaufunga.

Kisiwa cha kweli

Angalieni orodha ya wahusika wa gemu hili: sokwe, mamba, faru anayepandwa mgongoni na kuvunja kuta, kasuku anayekumulikia taa kwenye pango lenye giza, na kisiwa. Sasa nawauliza, orodha hiyo mmeiona wapi kwingine? Iko hapa hapa, kwenye ziwa letu, upande wa Geita. Kisiwa kinaitwa Rubondo, na kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977.

Sokwe wa Rubondo hawakuwa wenyeji. Kati ya mwaka 1966 na 1969, shirika la hifadhi ya wanyama la Frankfurt, wakati wa Profesa Bernhard Grzimek, lilileta na kuwaachia kisiwani sokwe wapatao 16 kutoka bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo Afrika Magharibi, wakaishi kwenye vizimba, halafu siku moja wakafunguliwa katikati ya msitu wa Ziwa Victoria. Hakuna aliyewafundisha kwanza tunda lipi linaliwa au kiota kinasukwaje. Walijifunza wenyewe. Uzao wao upo mpaka leo.

Faru weusi nao waliletwa miaka hiyo ya 1960. Hao majangili waliwamaliza. Mwaka 2000 wakaachiwa kasuku wa kijivu, walionaswa kutoka kwa wafanyabiashara wa magendo. Na mamba? Mamba ndio waliokuwepo siku zote, wako kwenye maji yao. Na watu pia walikuwepo, wavuvi na wakulima wa Kizinza, ambao walihamishiwa bara kisiwa kilipofanywa hifadhi.

Waandishi wenzangu, someni aya hizo mbili tena taratibu. Sokwe aliyerudishwa kwenye bara lake lakini si nyumbani kwake. Mwenyeji aliyehamishwa ili mgeni apate kukaa. Faru aliyevushwa maji ili aokoke, akaja kufia alikopelekwa kuokolewa. Mwizi katika kisa hicho ni nani? Hakika si mamba. Kila anayeingia ana sababu yake, na baadhi ya sababu ni njema kabisa, na bado kuna aliyepoteza. Hicho ndicho kitu ambacho megabaiti 4 za Twycross hazina. Si kwa sababu hazikutosha, bali kwa sababu hakuna aliyemuuliza mamba.

Wenzetu wa Twycross walikuwa na bustani ya wanyama ya kwenda kupiga picha. Sisi tuna ziwa. Wao walitengeneza kisiwa kutoka kichwani na dunia nzima ikakitembelea. Sisi tuna kisiwa halisi, na kwenye miswada yote tuliyosomeana mpaka leo sijaona hata mmoja ulioteremkia pale.

Shaaban Robert alishatuonyesha

Asitokee mtu akasema kwamba adui mwenye sababu ni jambo la Wazungu. Someni Adili na Nduguze, ya mwaka 1952. Shaaban Robert naye ana manyani. Ni ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, ambao kwa husuda walimtosa ndugu yao baharini, na kwa adhabu wakageuzwa manyani. Kila usiku Adili analazimika kuwachapa, na huku moyo unamuuma, kwa sababu anaowachapa ni damu yake.

Majina yenyewe yanakuambia nani mbaya. Mwandishi hakuficha. Lakini hakutuachia raha ya kuchapa. Kila kiboko kinamrudia mwenye mkono. Kwenye Donkey Kong Country unakanyaga mamba mia na husikii kitu, ila mlio mdogo wa kuchekesha. Hapo Mzee wetu wa Tanga amewapita mbali Waingereza na kompyuta zao, naye alikuwa na kalamu na karatasi tu.

Sasa kuna mshikaji mmoja kwenye kikundi chetu ambaye tumebishana naye juu ya hili tangu msimu wa mvua uanze. Hoja yake ni hii: mchezaji bandani hataki kujua mamba alizaliwa wapi. Anataka kumkanyaga. Ukimpa adui machozi, kasi ya hadithi inakufa, na msomaji wa mjini anafunga kitabu. Afadhali adui awe adui, kazi iende.

Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kasi ni uhai. Nimesema mwenyewe hapo juu kwamba mwanzo wa gemu hili unatufundisha kuacha maneno mengi. Lakini jibu langu liko ndani ya gemu lile lile. Mzee Cranky hakuhitaji sura nzima. Alihitaji mkongojo, ndevu na karipio, na miaka yake 13 yote ikaonekana. Ghala tupu halikuhitaji hotuba. Maana yake ni kwamba unaweza kumpa adui sababu bila kusimamisha safari. Mpe kitu kimoja anachokiogopa. Mweke mtoto wake mlangoni. Acha tuone njaa yake kwa rangi tu, kama ile jioni inayoingia bila kutangazwa. Fani waliyoivumbua kwa ajili ya sokwe inamtosha na mamba.

Tathmini

Je, Donkey Kong Country limefaulu? Kwa fani, limefaulu kwa kiwango ambacho kila mwandishi chipukizi wa riwaya anapaswa kuliona angalau hatua tatu za mwanzo, daftari likiwa pembeni. Kwa maudhui, limefaulu nusu. Limeonyesha kwamba adui wa jana anaweza kuwa babu wa leo, likaogopa kuendelea.

Sisi tusiogope. Tazameni miswada yetu. Mama wa kambo ni mkatili tu. Tajiri ana kitambi na anavuta sigara kubwa tu. Mwenyekiti wa mtaa anakula rushwa tu, kana kwamba alizaliwa na mkono ukiwa umenyooshwa. Hao ndio mamba wetu, na tunawakanyaga vichwa ukurasa baada ya ukurasa. Halafu tunashangaa msomaji hatetemeki. Atatetemekaje? Anaishi na watu hao. Mwenyekiti ni baba yake mdogo. Mama wa kambo ndiye aliyemlipia ada.

Kwenye mswada wangu yupo mwenye mitumbwi wa mwaloni Kirumba anayewakopesha wavuvi nyavu na kuwakata mpaka samaki wa kitoweo. Wiki hii anapata sura ya kwake. Anahesabu madeni usiku kwa taa ya chemli, na yeye mwenyewe anadaiwa na mtu wa kiwandani, na anaogopa kupambazuke. Sijamsamehe. Nimempa kalamu tu, nione ataandika nini.

Mkutano ujao wa kusomeana kila mmoja aje na ukurasa mmoja ulioandikwa na mamba wake. Nitaanza mimi.